Keno: njia za kujaza tike ni nyingi, hasara ni ile ile

GOMA – Karatasi yenyewe ni ya daftari la shule, imekatwa nusu. Imeandikwa namba sita kwa biki nyekundu, mbili mbili, kila jozi ndani ya duara lake, na chini yake maneno mawili: "Inatoka leo." Anayeiuza hazungumzii bahati. Anazungumzia ujuzi. "Papa, unapoteza kwa sababu haujui kujaza," anamwambia mtu mzima aliyekimbia vita Masisi na ambaye sasa analala chini ya hema la shitingi. "Jaza hivi, tike moja itafanya kazi ya tike saba." Papa anatoa pesa mara mbili: kwanza ya karatasi, kisha ya tike.

Maneno hayo ni uongo, na yanastahili kuitwa uongo hadharani. Si kwamba hakuna njia tofauti za kujaza tike ya keno. Zipo, tena nyingi. Uongo ni kusema kwamba mojawapo ya njia hizo inaweza kumgeuza mchezaji kuwa mshindi wa kudumu. Njia ya kujaza inabadilisha kiasi cha pesa unachotoa na mara ngapi utapata kitu kidogo cha kukutia moyo. Haibadilishi sehemu ambayo mwenye mashine anabaki nayo.

Ili kila mtu aone jambo hili mwenyewe, na asiambiwe tu "acha, ni dhambi", ni lazima tike ifunguliwe na kuhesabiwa.

Keno ya kawaida ina namba 80. Mchezaji anachagua chache, mara nyingi kuanzia moja hadi kumi. Mashine inatoa 20. Kadiri namba zake zinavyotoka, analipwa kufuatana na jedwali ambalo nyumba ya mchezo imelipanga yenyewe. Kuna keno za namba pungufu ya 80, lakini mwendo ni ule ule.

Njia ya kwanza ya kujaza ni ile nyepesi: tike moja, kundi moja la namba. Ukichagua namba moja, una nafasi moja kati ya nne, kwa sababu 20 ni robo ya 80. Ukichagua mbili, nafasi ya kupata zote mbili ni moja kati ya karibu 17. Tatu zote ni moja kati ya 72. Nne zote, moja kati ya 326. Tano zote, moja kati ya 1 551. Sita zote, moja kati ya 7 753. Ukijaza namba kumi ukitamani zote kumi zitoke, nafasi yako ni moja kati ya milioni nane na karibu laki tisa. Namba hizi hazitoki kwa mpinzani wa mchezo. Ni hesabu ambayo mwalimu yeyote wa hesabu wa sekondari anaweza kuifanya ubaoni.

Sasa malipo. Chukua mfano wa nyumba inayolipa mara tatu ya pesa uliyoweka kwa namba moja. Mtu anacheza tike nne za franka 500. Ametoa 2 000. Kwa wastani tike moja kati ya nne inashinda, analipwa 1 500. Franka 500 zimebaki kwa mwenye mashine. Hakumwibia mtu, hakugusa mashine, hakusukuma namba. Sehemu yake ilikuwa tayari ndani ya jedwali kabla mchezaji hajaamka asubuhi.

Hapo ndipo muuza karatasi anaingia na njia yake ya pili, ile ya "mbili mbili mbili". Namba sita zinagawanywa katika makundi matatu ya namba mbili. Kila kundi peke yake ni dau la namba mbili: hayo ni matatu. Kila makundi mawili yakiunganishwa ni dau la namba nne: mengine matatu. Yote pamoja ni dau la namba sita: moja. Jumla saba. Kwa hiyo ni kweli, karatasi moja ina tike saba ndani yake. Lakini kila moja ya hizo saba inalipiwa. Franka 500 mara saba ni 3 500. Kama jedwali linamwachia mwenye nyumba robo, anabaki na robo ya 3 500 na si robo ya 500. Mchezaji amefundishwa "ujuzi" wa kupoteza mara saba kwa mkupuo mmoja.

Kuna nyumba zinazokubali bei ya kila dau ipunguzwe, kwa mfano 100 badala ya 500. Hapo malipo nayo yanapungua kwa kipimo kile kile. Hakuna punguzo la bure.

Njia ya tatu inaitwa ya mfalme. Namba moja inazungushwa peke yake, na inaruhusiwa kuungana na kila kundi lingine. Weka mfalme mmoja juu ya yale makundi matatu, na madau saba yanakuwa 15. Kwa franka 500, tike hiyo ni 7 500. Muuza karatasi anaipenda sana njia hii kwa sababu inaonekana kama siri ya wakubwa. Siri yenyewe ni kwamba bei imepita mara mbili.

Njia ya nne ni ya kuchanganya zote. Unachagua namba nane na kuomba kila nne zinazoweza kupatikana ndani yake. Hayo ni madau 70. Kwa franka 500, ni 35 000 kwa mzunguko mmoja. Hata siku namba nne kati ya hizo nane zikitoka, dau moja tu ndilo litakuwa na namba zote nne. Mengine 16 yatakuwa na tatu. Yanayobaki, 53, yatakuwa na mbili, moja au sufuri. Atakayepiga kelele dukani ataonyesha lile moja. Yale 53 hayana wa kuyaonyesha.

Njia ya tano ni kuiachia mashine ichague. Wauza karatasi wanaidharau, wanasema ni ya wajinga. Ukweli ni kwamba nafasi yake ni sawasawa na ya namba zilizochaguliwa kwa kichwa, kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa ndoto au kwa maombi. Hata 1, 2, 3, 4 na 5 zikifuatana zina nafasi ile ile kama namba tano zilizotawanyika. Tofauti ni moja tu: mtu aliyeiachia mashine hakumlipa mtu yeyote kwa ushauri.

Na kuna ile hadithi ya namba "zilizolala". Mtu anakaa mbele ya skrini na daftari, anaandika kila namba inayotoka, kisha anasema, "Hii 47 haijatoka mara kumi, lazima itoke." Ni vizuri kujua kwamba kila namba ina nafasi tatu kati ya nne ya kukosa katika mzunguko mmoja. Ukifanya hesabu kwa mizunguko kumi, utakuta kwamba kwa kawaida namba nne au tano kati ya 80 hazitoki hata mara moja. Kwa hiyo kila siku, kila saa, zipo namba "zilizolala" za kumwonyesha mteja. Si dalili ya kitu chochote. Mzunguko unaofuata unaanza na namba zote 80, na mashine haikumbuki nani alikosa.

Hatari kuliko zote ni ushauri wa kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza, "ili urudishe". Kwa namba moja, kupoteza mara sita mfululizo si ajabu: kunatokea karibu mara 18 katika 100. Aliyeanza na franka 500 na kuongeza mara mbili kila safari, akifika mara ya sita ametoa 31 500. Tike ya saba inamdai 32 000. Mtu mwenye mshahara anaweza kusimama hapo na kujuta. Mama aliyeanza na pesa ya makala na unga anasimama wapi?

Kasi nayo ni sehemu ya mtego. Chukua mashine inayotoa namba kila dakika tano. Saa moja ina mizunguko 12, saa tatu zina 36. Kwa tike nyepesi ya franka 500, mchezaji amepitisha franka 18 000 mkononi, na kama nyumba inabaki na robo, kwa wastani 4 500 hazirudi. Kwa tike ya madau saba, saa zile zile tatu zinapitisha 126 000, na robo yake inapita 30 000. Mchezo ni ule ule, mashine ni ile ile, benchi ni lile lile. Kilichobadilika ni "ujuzi" wa kujaza.

Mchezo huu umetoka mbali. Ulianzia China, na zamani tike zake zilikuwa na herufi za Kichina badala ya namba. Vibarua wa Kichina waliokwenda Marekani katika karne ya 19, mbali na wake zao na wazazi wao, waliubeba pamoja nao. Mwaka 1931 jimbo la Nevada liliruhusu kamari, na kufikia mwaka 1936 mchezo huu ulikuwa ukichezwa katika kasino ya mji wa Reno kwa jina la keno. Jina lenyewe linatokana na neno la Kifaransa "quine", namba tano za ushindi. Katika safari hiyo ndefu, mtu aliye mbali na kwao, mwenye pesa kidogo na hamu kubwa ya kurudi nyumbani na kitu mkononi, amekuwa mteja wake mwema.

Watu wa namna hiyo wako wengi Kivu ya Kaskazini. Familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo ziliacha mashamba, mbuzi, milango iliyofungwa kwa kamba. Mkulima aliyezoea kungoja maharagi yake karibu miezi mitatu, akijua ni mvua gani itayakuza na ni wiki gani atayavuna, leo hana hata mstari mmoja wa kupanda. Mtu akimwambia kwamba kuna mavuno kila dakika tano, atasikiliza. Hilo si ujinga. Ni njaa pamoja na siku ndefu isiyo na kazi.

Na simu imerahisisha kila kitu. Pesa anayotumiwa na ndugu inaingia kwenye simu. Pesa ya msaada, inapotolewa kwa njia hiyo, inaingia kwenye simu. Keno nayo iko kwenye simu. Zamani mtu alilazimika kutoka nje, kupita mbele ya majirani, kuingia dukani na kuonekana. Sasa baba anaweza kumaliza posho ya watoto sita akiwa amejifunika blanketi, usiku, bila mke wake kusikia hata sauti ya sarafu. Asubuhi anasema mtandao ulikuwa mbaya.

Watetezi wa mchezo huu wana majibu, na majibu hayo yanastahili kusikilizwa.

La kwanza: "Lakini watu wanashinda kweli." Ndiyo, wanashinda. Bila washindi hakuna nyumba ya keno ambayo ingemaliza mwezi. Mwenye mashine anamhitaji kijana anayeruka juu ya benchi akishangilia, kwa sababu huyo ni tangazo kuliko bango lolote. Lakini pesa anayoshangilia haikutoka mfukoni mwa mwenye mashine. Imetoka kwa wale waliokaa kimya kwenye benchi lile lile, baada ya nyumba kukata sehemu yake.

La pili: "Ni mchezo tu, kama mtu anavyokunywa bia yake." Kwa mtu mwenye mshahara, anayeweka franka 500 siku ya Jumamosi, akapoteza, akacheka na kwenda kwake, hakuna ugomvi. Ugomvi ni na yule anayeuza keno kama kazi, kama elimu, kama mlango wa kutoka kambini. Bia haiuzwi kwa kuahidi kwamba chupa ya tano italipa minerval ya mtoto.

La tatu ndilo gumu: "Kazi hakuna. Mnataka afanye nini?" Ni kweli kazi hakuna, na hakuna makala ya redio itakayoileta. Lakini swali hilo halitetei keno. Mtu asiye na kazi ndiye asiyeweza kabisa kumpa mtu mwingine robo ya kile alichonacho. Akina mama wa mitaa ya Goma, hata waliokimbia vita, wanajua likelemba. Watu kumi wakitoa franka 500 kila siku kwa siku 30, inapatikana 150 000, na mmoja wao anaipokea yote, kisha mwezi unaofuata mwingine. Likelemba haimpi mtu faida hata franka moja. Inamrudishia zote alizotoa, tena zikiwa kwa wingi unaoweza kununua gunia la makala la kuuza rejareja. MUSO nazo zinafanya hivyo na kukopesha juu yake. Zina ubaya wake: mtu anaweza kukimbia na zamu yake, vita vinaweza kutawanya wanachama usiku mmoja. Lakini hakuna likelemba iliyopangwa tangu mwanzo ili wanachama wake wapoteze robo.

Kwa hiyo lawama ziende mahali pake. Haziendi kwanza kwa mkimbizi aliyejaza tike. Ziende kwa anayemuuzia karatasi za namba, akijua vizuri kwamba kama njia yake ingekuwa ya kweli angekuwa anaitumia mwenyewe badala ya kuiuza kwa bei ya andazi. Ziende kwa anayedai ameonyeshwa namba kwenye ndoto au maombi na kupitisha bahasha. Ziende kwa wenye nyumba za mchezo wanaobandika picha ya rundo la dola ukutani lakini hawabandiki nafasi za kushinda. Na redio nazo zisijifiche: kituo kinachosoma tangazo la pari mara sita kwa siku na hakisomi hata mara moja kwamba namba sita zote ni moja kati ya 7 753, kinakula sahani moja na muuza karatasi.

Yanayodaiwa si makubwa. Kila nyumba ya keno ibandike jedwali lake la malipo kwa Kiswahili, kwa franka, na pembeni ya kila malipo iandike nafasi yake: moja kati ya ngapi. Tike yenye madau mengi ndani yake ionyeshe jumla ya madau na jumla ya bei kabla pesa haijapokelewa, na karani aisome kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Mtoto wa chini ya miaka 18 asihudumiwe, hata kama anasema ametumwa na baba yake. Mchezo wa kwenye simu uruhusu mtu kujifungia mwenyewe, na ukishafungwa usifunguke usiku ule ule. Wenye kutoa ruhusa na kupokea ushuru wana uwezo wa kudai mambo hayo kabla ya kugonga muhuri. Wakuu wa kata na wa avenyu, pamoja na kamati za wakimbizi, wana uwezo wa kumkataza muuza namba kusimama mahali posho inapogawiwa.

Na nyumbani, kabla ya mabishano na kabla ya laana, kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji mwalimu. Chukua karatasi ya daftari la shule, kama ile ya muuza namba. Chora mstari katikati. Upande wa kushoto andika kila franka iliyokwenda kwenye keno wiki hii, hata zile mia mia. Upande wa kulia andika kila franka iliyorudi. Usiandike namba zilizokaribia kutoka, kwa sababu hazinunui unga. Siku ya Jumapili baba na mama wajumlishe pamoja, mbele ya mtoto anayejua hesabu.

Kama upande wa kulia ni mkubwa, ficha karatasi hiyo na usimuuzie mtu. Kama ni wa kushoto, basi familia imeshapata jibu, na haikumlipa mtu yeyote ili kulijua.